Manyoya ya kanga tunayatupa, turako tumuache porini

Mitwaba, kanga akichinjwa, nyama inaliwa na bukari na manyoya yanatupwa nyuma ya nyumba. Upepo unayabeba, mambo yamekwisha. Lakini manyoya hayo meusi yenye madoa meupe yana wanunuzi. Ulaya na Marekani kuna watu wanaovua samaki kama truta na salamoni bila mnyoo kwenye ndoano: wanafunga manyoya kwa uzi juu ya ndoano mpaka ifanane na mdudu. Manyoya ya jogoo na ya kanga wanayatumia tangu zamani. Hapo Kenya, kuna karakana zinazofunga ndoano hizo kwa mikono na kuziuza ng'ambo. Kwa nini sisi tusipate hata kidogo?

Ila, ndugu zangu, biashara hii ina mlango mwingine mbaya. Wafungaji wengine hawatosheki na jogoo, wanataka ndege wa ajabu. Mwaka 2009, mwanafunzi wa muziki kutoka Marekani, Edwin Rist, alivunja dirisha la makumbusho ya Tring, Uingereza, akaiba ndege 299 waliokaushwa. Wengine walikusanywa na Alfred Russel Wallace katika karne ya 19. Aliwauza kwa wafunga ndoano. Kama manyoya yanaweza kumfanya msomi avunje makumbusho, mwindaji wetu mwenye njaa atajizuia namna gani akionyeshwa dola?

Sisi ni majirani wa mbuga ya Upemba, iliyoundwa mwaka 1939. Katika misitu ya kando ya mito ya Katanga anaishi turako wa zambarau, mwenye kilemba chekundu. Rangi nyekundu ya mabawa yake ina shaba ndani. Ndiyo, shaba! Katanga hata ndege anabeba madini. Na rangi hiyo inayeyuka katika maji ya sabuni kali, kwa hiyo anayemuua na kumwosha vibaya anapoteza ndege na rangi pamoja. Kuhusu kasuku wa kijivu, tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya wale wa porini imefungwa. Na tuna sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa asili. Asije mtu kusema hakujua.

Basi tubaki na kanga na jogoo wa kufugwa. Kazi yenyewe haiombi mashine. Chagua manyoya yasiyo na damu. Yaoshe katika maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo, bila kusugua, ukipitisha vidole kufuata upande unyoya unapolalia. Suuza mara mbili, tatu. Tandaza kivulini, maana jua linapausha rangi. Yakikauka, yapange kwa ukubwa, na ya bawa la kushoto yasichanganywe na ya kulia. Adui mkubwa ni nondo na chawa. Wenye friza wanayagandisha siku kadhaa, wanayatoa, halafu wanayarudisha tena ili wadudu wafe. Kwetu ambako umeme ni shida, mfuko uliofungwa vizuri na vidonge vya naftalini vinasaidia. Kanga aliyekufa kwa ugonjwa asitolewe hata unyoya mmoja.

Sisemi manyoya yatajenga nyumba za matofali Mitwaba. Lakini kwa barabara tuliyo nayo, gunia la mahindi linakula faida yote njiani kabla ya kufika Lubumbashi. Mfuko wa manyoya ni mwepesi, unapanda juu ya pikipiki pamoja na abiria.

Kinachokosekana ni karatasi. Kwa sababu ya homa ya mafua ya ndege, nchi za ng'ambo zinadai cheti cha daktari wa mifugo kabla ya manyoya kuingia kwao. Huduma ya mifugo ya jimbo ituambie wazi: mama anayefuga kanga ishirini huko Mitwaba aende kwa nani kupata saini hiyo, na kwa bei gani?