Mboga zisiuzwe kwa hofu ya kuoza

Masika yakipita, kabichi, karoti na njegere za Mgeta hushuka kwa wingi hadi masoko ya Morogoro na Dar es Salaam, na bei huporomoka. Mkulima hukubali bei ya mchuuzi kwa kuwa anahofia mzigo utaoza.

Tunamshauri asiuze zote. Za kula nyumbani, na zilizokosa bei, azikaushe. Karoti na kabichi zikatwe vipande vyembamba, zichovywe katika maji yanayochemka kwa dakika 2 hadi 3, kisha zianikwe kwenye kaushio la jua lililofunikwa. Ukungu wa Uluguru huchelewesha mboga zilizoanikwa wazi, na jua kali hupunguza vitamini A. Zikikauka, zihifadhiwe katika chombo kikavu kisichopitisha hewa.

Kaushio moja laweza kutumiwa na kikundi kwa zamu, na wataalamu wa chakula wako karibu, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Bustani nayo isisahauliwe: masalia yasiyo na ugonjwa yasichomwe, yachanganywe na samadi ya mbuzi yarudishe rutuba kwenye matuta.

Mkulima mwenye akiba ndani ana kauli sokoni.