Mchuzi wa Kikorea: Kutoa Nguruwe Hakutoshi



Siku hizi kila mwenye simu anataka kupika jjigae, ule mchuzi wa Kikorea unaofika mezani bado unachemka. Sina ugomvi na chakula. Ugomvi wangu ni na kauli hii: "Nimetoa nguruwe, basi ni halali." Tuache kudanganyana.

Budae jjigae ilianza baada ya vita vya Korea vya 1950 hadi 1953, watu wana njaa, wakapika nyama za kopo na soseji kutoka kambi za jeshi la Marekani. Kimchi jjigae nayo kwa kawaida hupikwa kwa nguruwe. Hayo mnayajua. Msilolitazama ni gochujang, ile rojo ya pilipili iliyochachushwa. Viwanda vingi huitia pombe isiharibike. Kwenye lebo huandikwa 주정, yaani jujeong. Zipo zenye cheti cha halali, tafuteni hizo. Mkizikosa, iacheni!

Na msiniambie bila hiyo hakuna ladha. Pikeni sundubu jjigae, ya tofu laini na vitu vya bahari, ambayo rangi yake hutoka kwenye gochugaru, pilipili kavu ya Kikorea iliyosagwa. Chemsha dagaa wakavu, uwatoe kwanza vichwa na matumbo wasilete uchungu, kisha chuja supu. Kaanga thomu na gochugaru kwenye mafuta kwa moto mdogo, maana pilipili huungua upesi. Mimina supu, tia tofu kwa vijiko vikubwa, kisha ngisi na kamba, wasikae sana wakawa wagumu. Onja chumvi. Ukitaka sosi ya soya, isome nayo lebo, kwani baadhi zina pombe. Mwisho vunja yai juu yake. Dagaa, ngisi na kamba si tunao hapa hapa? Kisingizio kiko wapi?

Mimi ni fundi cherehani. Mteja haoni bitana ya gauni, ananiamini tu. Mgeni wako naye haoni ulichotia chunguni. Anasema Bismillahi, anakula kwa imani yako. Hiyo ni amana, shoga yangu. Kama hukusoma lebo, usimpakulie.