Mbwa anahasiwa, baba anafunga uzazi

Mzazi mwenzangu, ukimpeleka mbwa wako dume kwa daktari wa mifugo "akatengenezwe", neno lake ni kuhasiwa: korodani zote mbili zinatolewa, na homoni ya kiume inayotengenezwa humo inakoma. Jike tunasema "amefungwa kizazi", ilhali kwa kawaida hajafungwa kitu. Ametolewa ovari, mara nyingi na mji wa mimba pia.

Mbwa hana habari na maneno yetu. Shida ni pale yanapohamia kliniki ya uzazi wa mpango. Mama amejifungua mara nne, mbili kwa upasuaji, anamwomba mumewe afunge uzazi. Jibu: "Unataka nihasiwe kama mbwa?" Mazungumzo yameishia hapo, mama anarudi kwenye foleni ya sindano.

Baba, korodani zako hazitolewi. Kinachokatwa na kufungwa ni mirija miwili inayopitisha mbegu. Homoni inaendelea kuingia kwenye damu, ndevu zipo, hamu ipo, shahawa zinatoka kama kawaida, ila bila mbegu. Tena si siku hiyohiyo: tumieni kinga kwa takriban miezi 3, hadi kipimo kionyeshe mbegu zimekwisha. Na uihesabu kuwa njia ya kudumu. Kama bado unasitasita, subiri.

Mama akifunga kizazi, naye ni mirija tu. Hedhi anaendelea kuiona.

Nasi wahudumu tuache mzaha. Hilo neno "kuhasiwa" nimelisikia kliniki mbele ya mgonjwa, na aliyelitamka alikuwa mwenzetu.