Binti Anapotaka Kuandaa Matamasha



Mwezi uliopita, baada ya ibada hapa Makumira, mama mmoja alinivuta kando tukiwa tunatoka kanisani. Binti yake amemaliza chuo. Amewaambia wazazi kuwa hataki ualimu wala kazi ya ofisini. Anataka kuandaa matamasha ya kuchangia wagonjwa, yatima na shule, na hiyo ndiyo iwe kazi ya maisha yake. Baba amekasirika. Anasema aliuza ng'ombe wawili ili mtoto asome, si ili aje kupanga spika na maturubai. Mama naye aliniuliza swali moja tu: "Dada, hivi hiyo ni kazi kweli?"

Nilimwahidi kumjibu katika ukurasa huu, maana najua wapo wengine wenye swali kama lake.

Ndiyo, ni kazi. Tena sisi akina mama tumeifanya miaka mingi bila kuipa jina. Harambee ya usharika inapopangwa, nani hutafuta kwaya, huazima viti, hupika, hugawa kadi za mchango na kumbembeleza mgeni rasmi aje? Ila sisi huifanya kwa moyo, na moyo peke yake hautoshi. Hilo nalijua kwa machungu, na leo naomba niliseme.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mweka hazina wa kamati ya akina mama iliyoandaa tamasha la kwaya kumchangia mtoto aliyehitaji upasuaji wa moyo. Watu walijaa. Tuliimba, tukalia, tukapiga vigelegele. Jumatatu tulipoketi kuhesabu, tulilipa maturubai, vyombo vya muziki, jenereta, mafuta ya magari, chakula cha wanakwaya na vitenge vya kamati. Kilichobaki hakikufika nusu ya fedha zilizotakiwa hospitali. Kibaya zaidi, michango mingi ilitolewa mkononi na hatukuwa tumeandika stakabadhi. Maneno yakaanza. Aliyeumia kuliko wote ni mama wa mtoto, kwa sababu watu waliuona umati ule wakaamini amepata fedha nyingi, basi wakaacha kumsaidia. Mtoto alitibiwa baadaye kwa msaada wa watu wengine, Mungu ni mwema. Lakini ilipita miaka miwili kabla mama yule hajanisalimu kama zamani, na sikumlaumu.

Hatukuiba hata shilingi. Tulikosa tu mtu anayeijua kazi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata wakubwa wa dunia wamejikwaa hapo. Tarehe 1 Agosti 1971, wanamuziki George Harrison na Ravi Shankar walifanya matamasha mawili kwa siku moja jijini New York kuwachangia wakimbizi wa Bangladesh. Fedha za viingilio, zaidi ya dola 240,000, zilifika UNICEF. Lakini fedha nyingi zaidi, za santuri na filamu ya tamasha hilo, zilizuiliwa miaka mingi na watu wa kodi wa Marekani, kwa kuwa mambo ya kisheria hayakutengenezwa mapema. Wenye njaa walikuwa wanangoja huku makaratasi yakizunguka ofisini.

Mtume Paulo alikuwa mwangalifu zaidi. Soma 2 Wakorintho sura ya 8. Alipokuwa akikusanya sadaka kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuibeba peke yake. Alifuatana na ndugu walioaminiwa na makanisa, ili asiwepo mtu wa kuwalaumu. Mtume mzima, na bado alitaka mashahidi! Binti anayetaka kazi hii na aanzie hapo: bajeti kabla ya kuchapisha tangazo, stakabadhi kwa kila mchango, watu zaidi ya mmoja wa kuhesabu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya waliochanga.

Jambo la pili ni usalama wa watu, na hapa sisi wa huku hatuhitaji mfano wa mbali. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano kwenye mkutano wa maombi katika uwanja wa Majengo, waumini waliposukumana wakitaka kukanyaga mafuta ya upako. Walitoka nyumbani kwenda kuombewa, na hawakurudi. Kazi ya mwandaaji ni kujiuliza mapema: watu wangapi wanaenea hapa? Milango ya kutokea ni mingapi, na iko wazi? Watoto na wajawazito watakaa wapi? Huduma ya kwanza iko wapi? Katika Marko sura ya 6, kabla ya mkate kumegwa, Bwana wetu aliagiza umati uketishwe vikundi vikundi, mia mia na hamsini hamsini. Muujiza ulikuja baada ya utaratibu. Na walipokwisha kula, mabaki yalikusanywa na kuhesabiwa vikapu kumi na viwili.

Je, mtu anaweza kudumu katika kazi ya namna hii? Twende Imbaseni, jirani zetu. Charlotte Hill O'Neal, anayefahamika kwa wengi kama Mama C, alizaliwa Kansas, Marekani, mwaka 1951. Yeye na mumewe Pete walikuwa katika chama cha Black Panther, wakaondoka kwao, na mwaka 1972 wakafika Tanzania. Mwaka 1991 walianzisha kituo cha jamii cha UAACC pale Imbaseni. Mama C ni mshairi, mchoraji na mwanamuziki, na sanaa hiyo aliifanya mlango wa huduma: vijana wa kijijini wakapata madarasa ya bure, na baadaye kituo kikalea watoto wenye shida. Alisafiri pia Marekani akiimba, akisoma mashairi na kuzungumza na watu habari za kituo. Yeye si wa dhehebu letu, na hatuafikiani naye katika kila jambo la imani. Lakini angalia hesabu ya miaka. Jina jema katika kazi hii hujengwa mahali pamoja, mbele ya majirani wanaokuona kila siku.

Sasa nizungumze na wewe mama uliyeniuliza. Usimkatalie binti yako, ila usimwachie hivi hivi. Mwulize atajifunza wapi. Hapa Makumira chuo kikuu kinafundisha muziki hadi shahada, na Bagamoyo ipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Ajue taratibu za vibali vya BASATA, na haki za wenye nyimbo. Ajifunze uhasibu hata kama haupendi. Aanze kwa kumsaidia mtu mwenye uzoefu, akibeba viti na kuandika majina mlangoni.

Kuhusu malipo, mtenda kazi anastahili ujira wake. Si dhambi mwandaaji kulipwa katika tamasha la hisani. Dhambi ni kujilipa kwa siri. Kiasi chake kiandikwe kwenye bajeti, kamati ikijue kabla ya siku yenyewe.

Na kuhusu usiku na wanaume, hofu yako ni ya haki. Mkubaliane mapema: anarudi na nani, saa ngapi, na nani ana namba ya simu ya dereva. Siku ya kwanza mwende wewe na baba yake. Mwacheni baba amwone binti akiwa na daftari mkononi, akikagua milango kabla ya watu kuingia. Huenda ng'ombe wale wawili wakaacha kumwuma moyoni.

Zaidi ya yote, mfundishe kumwuliza anayesaidiwa. Kabla ya kumpandisha mgonjwa jukwaani au kubandika picha ya yatima kwenye tangazo, aulize: wewe ungependa tuseme nini juu yako? Sisi hatukumwuliza yule mama. Tulimpandisha jukwaani, akalia mbele ya watu wote, na tukaona ni jambo zuri kwa kuwa michango iliongezeka.

Mungu awajalie binti zetu huruma ya kuwaona wenye shida, na akili ya kuwahudumia kwa utaratibu. Tuonane mwezi ujao.