Nge Si Mfugo

Ughaibuni wapo watu wanaofuga nge kwa fahari, na baadhi ya nge hao walitoka Tanzania, kabla Serikali haijapiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Mtindo huo usiingie Bugwema wala visiwani.

Kwa kawaida nge mwenye mkia mnene na magando membamba ndiye hatari zaidi, na sumu yake humlemea mtoto kuliko mtu mzima. Dawa ya kuikabili hutengenezwa kwa aina maalumu ya nge. Haimfai kila aliyeumwa. Na mgonjwa wa Rukuba hana budi kuvuka ziwa ndipo afike hospitali.

Tunatoa wito kwa viongozi wa vijiji na maofisa wa wanyamapori wawaelimishe wananchi mapema. Kumfuga nge ni kuukaribisha msiba nyumbani.