Baridi ya Mlimani Haizuii Jua

Sisi tunaoishi Moshi, kuanzia Soweto hadi juu Kibosho na Marangu, tumezoea kulipima jua kwa joto. Wingu likifunika mlima na hewa ikiwa baridi, mtoto mwenye ualbino huachwa acheze nje kichwa wazi. Kwa maoni yangu, mazoea haya ni ya hatari na yafaa tuyaache.

Kinachodhuru ngozi hapa si joto, bali mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno. Mionzi hiyo hupenya mawingu, tena huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1000.

Ndani ya seli zetu mna DNA, yaani maandishi ya urithi yenye herufi nne: A, T, G na C. Mionzi ikiipiga, herufi mbili zilizo jirani, hasa T na T, hushikamana. Sasa, mwili una vimeng'enya, ambavyo ni protini zinazofanya kazi kama mafundi. Kimeng'enya kinachonakili DNA kikifika penye herufi zilizoshikamana hukwama, kama zipu iliyofika penye meno yaliyopinda. Vimeng'enya vingine hukata kipande kibovu, chenye herufi zipatazo 30, kisha pengo huzibwa kwa herufi sahihi. Aziz Sancar, mzaliwa wa Uturuki, alieleza kazi hiyo ya ukarabati, na mwaka 2015 alikuwa mmoja wa wataalamu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Mwenye ualbino anao mafundi hao, tena wazima. Anachopungukiwa ni melanini, rangi inayoikinga ngozi. Basi uharibifu huwazidi mafundi nguvu. Usiorekebishwa huleta makosa katika kunakili, na makosa yakirundikana kwa miaka huweza kuzaa saratani ya ngozi. Kwa hiyo wanaosema "ngozi yake itazoea" wanajidanganya. Ngozi hiyo haizoei jua, bali huhesabu kila siku ya jua.

Ndiyo maana nasema kofia pana, nguo ya mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ni dawa, wala si anasa. Familia iziweke katika bajeti pamoja na daftari za shule. KCMC, hapa hapa Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na ndiko yalikoanza kutengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili ya wenye ualbino. Asiye na fedha za mafuta aanze na kofia na kivuli.

Walimu nao wasimvue mtoto kofia kwa sababu ya sare. Kwenye misiba na harusi, tumpishe kivulini. Na kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, hata kiwe kidogo, kipelekwe hospitali mapema, kwa sababu saratani ya ngozi ikiwahiwa hutibika.