Jela Haitibu Arosto

Picha mnaijua. Magunia ya bangi yamepangwa mbele ya meza, kigogo kasimama nyuma yake anahutubia, kamera zinamulika, na pembeni wamechuchumaa vijana watatu wanne, miguu peku, vichwa chini. Tunaambiwa vita vinakwenda vizuri na taifa la kesho linaokolewa. Taifa la kesho lipi, kama si hao waliochuchumaa?

Tanzania tunayo Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na mwaka 2017 Bunge likaiongezea makali. Kifungo cha maisha kimo, kunyimwa dhamana kumo. Ingekuwa ukali wa maandishi unatisha unga, leo Manzese na Tandale pasingebaki teja hata mmoja. Badala yake tumefungua biashara nyingine mtaani. Kijana akikutwa na msokoto, swali la kwanza usiku ule si mahakama ipi, ni nani wa kumpigia simu. Mwenye mjomba mwenye hela analala kwao. Mtoto wa mama lishe analala mahabusu, kisha gerezani, na akitoka ana rekodi ya jinai: ajira ya ulinzi hapati, jeshi halimtaki, na bodaboda ya mkataba hakuna tajiri atakayemwamini nayo. Rudi kijiweni, mwanangu. Huko angalau wanakufahamu.

Na mapapa wa biashara ya unga? Februari 2017 Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alitaja watu hadharani, wasanii, wafanyabiashara, hadi mchungaji, na nchi nzima ikatega sikio redioni kama siku ya mechi ya watani wa jadi. Kutajwa si kuhukumiwa, lakini nani alijali? Burudani tulipata. Kete ziliendelea kuuzwa.

Jirani zetu hawakutuzidi. Kenya, ndugu wawili wa familia ya Akasha, walanguzi wa unga, walikamatwa Mombasa Novemba 2014, kesi ikapigwa danadana zaidi ya miaka miwili, hadi Januari 2017 walipopakiwa ndege kwenda Marekani. Huko Baktash akafungwa miaka 25, mdogo wake Ibrahim miaka 23, baada ya kukiri, pamoja na mengine, kwamba waliwahonga maofisa wa Kenya ili wasipelekwe. Mwenye shehena hununua muda. Mwenye kete hana cha kununulia.

Sasa niseme lisilopigiwa picha. Mwaka 2005 watafiti waliandika habari za wanawake wa Dar es Salaam, waliokuwa wakijiuza wapate pesa ya unga, waliofikia hatua ya kugawana damu. Mmoja anajidunga, anavuta damu yake ndani ya bomba la sindano, anampa mwenzake ajidunge, angalau arosto, yale mateso ya kukosa unga, ipungue. Damu ya mtu, tena katika mji ambao tafiti za miaka ile zilikuta zaidi ya theluthi ya wanaojidunga wana virusi vya UKIMWI. Wanawake wale walijua vizuri kwamba polisi wapo. Walichokosa ni mahali pa kwenda.

Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ikaanza kutoa methadone, dawa ya kutuliza arosto, huduma ya kwanza Tanzania Bara, baadaye Mwananyamala, Temeke na mikoani. Mgonjwa hufika kila siku, hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, huenda zake kutafuta riziki. Bure. Wapo waliorudi gereji, wapo waliorudi kwa watoto wao, na hakuna kigogo aliyewaita mbele ya kamera. Lakini kliniki hiyo imo ndani ya nchi ambayo kutumia ni kosa la jinai, kwa hiyo anayegombea daladala alfajiri awahi dozi ni mhalifu yuleyule anayesakwa kwenye operesheni ya jioni. Serikali inamtibu kwa mkono wa kulia, inamfunga kwa wa kushoto.

Na tusijifanye watakatifu. Hadi Machi 2017 viroba vya pombe kali vilining'inia kwenye kila kibanda, kwa bei ambayo mtoto wa shule aliimudu, na waliovitengeneza walikuwa walipa kodi wema. Mirungi ya Same tunaing'oa kwa mapanga. Ukivuka Namanga, mmea uleule ni zao la biashara linalotambuliwa na sheria. Mpaka ndio unaolevya?

Najua jibu: ukilegeza, watoto wote wataharibika. Ureno iliacha kumshtaki mtumiaji kwa jinai mwaka 2001. Anayekutwa na kiasi chake, kisichozidi cha siku 10, anapelekwa mbele ya kamati yenye wataalamu wa afya na ustawi wa jamii badala ya hakimu. Muuzaji bado anafungwa. Watoto wa Lisbon hawakuharibika wote. Kilichoporomoka ni maambukizi mapya ya VVU kwa wanaotumia dawa. Sisemi unga uuzwe dukani, na atakayedai nimesema hivyo ni mvivu wa kusoma.

Ninachotaka kinaenea kwenye aya moja ya muswada: Bunge lifute kifungo kwa aliyekutwa na kiasi cha kutumia mwenyewe, na pesa za kumlisha gerezani ziende kliniki. Wabunge wanaopiga meza kila waziri anaposoma idadi ya waliokamatwa watuambie, idadi ya waliotibiwa wataipigia meza lini?